Bahari ya Lita 200 Mjini Bukoba

Tangi la samaki wa baharini ni pambo adimu mjini Bukoba. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, na watu waliozoea kumkuta samaki kando ya ndizi hupata tabu kumwelewa anayelishwa kila siku halafu haliwi. Hata hivyo matangi hufika. Mtumishi huhamishwa kutoka pwani, akalisafirisha lake likiwa limefungwa ndani ya godoro. Miaka miwili baadaye anahamishwa tena, na safari hii tangi linabaki kwa shemeji, Kamachumu, wilayani Muleba. Kutelekezwa huanzia hapo.

Dalili zake hazifichiki. Kioo hugeuka kijani, ukingoni hujengeka ukoko mweupe wa chumvi, maji hushuka na chujio hutoa sauti ya mzee anayekoroma. Ndani hubaki samaki mmoja mkubwa mwenye hasira. Wenzake ama walikufa ama aliwala, na hakuna shahidi.

Jambo la kwanza katika kulifufua ni kumzuia mwenye nyumba asilifufue siku hiyohiyo. Samaki aliyekaa miezi katika maji machafu ameshayazoea taratibu. Akibadilishiwa yote kwa mchana mmoja hufa kwa mshtuko akiwa katika maji masafi kuliko yote aliyowahi kuyaona. Uvivu huchukua miezi kuliharibu tangi, bidii humaliza kazi kabla ya magharibi. Kiasi cha salama ni kubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kwa wiki, kisha kusubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi.

Pili ni kupima chumvi. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yanapopungua kwa jua na hewa, kinachoondoka ni maji tu. Chumvi yote hubaki. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Msaidizi mwema hufikiri kinyume: hili ni tangi la bahari, basi liongezwe maji ya bahari. Akiendelea hivyo kwa miezi mitatu, maji yanafaa kutengenezea ng'onda. Kuishusha chumvi iliyozidi nako ni kazi ya siku kadhaa, kidogo kidogo.

Swali la maji yenyewe lina jibu linaloudhi. Ziwa Victoria lipo pale chini, ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, halina mlinzi wala bili, na halifai. Maji yake hubeba mwani na rutuba ya kuulisha mwani mwingine, na tangi lililotelekezwa lina wa kwake wa kutosha. Maji ya bomba huweza kuwa na klorini. Yanayofaa ni ya mvua, na hapa Bukoba haina mpinzani pwani: hupata wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi la bati, inayofuata ikingwe kwenye pipa la plastiki. Paa lililoota kutu liachwe.

Kwa maji ya kubadilisha, chumvi ya dukani haitoshi, kwa kuwa haina magnesi na kalisi ya kutosha kama bahari. Huagizwa ile maalumu ya matangi. Anayetaka kubana matumizi huenda dukani hata hivyo, akaomba kilo saba, ambazo ndizo zingetosha lita 200. Muuza duka humpa pole na kuuliza msiba uko wapi. Chumvi yoyote huyeyushwa kwanza ndani ya ndoo, ikakorogwa na kuachwa hadi kesho yake, kabla ya kukaribia tangi.

Usafi una miiko yake. Ukoko wa kioo hutolewa kwa kitambaa chenye siki kidogo. Sabuni haigusi chochote. Mchanga wa chini husafishwa kipande kimoja kwa wiki, kwani ukivurugwa wote hutoa gesi ya yai viza ambayo ni sumu kwa samaki, na kwa wageni waliokaa sebuleni ni sababu ya kutazamana kwa mashaka. Sponji ya chujio, ambayo ni nyeusi na yenye utelezi, ndiyo humkera zaidi mwenye nyumba nadhifu. Utelezi huo ni bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na makali. Sponji husuuzwa katika maji yaliyotolewa tangini, basi. Ikifuliwa kwa sabuni ikaanikwa juani, bakteria wapya huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga, na samaki hana wiki hizo.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27, ilhali wastani wa Bukoba ni kama 21, na Kamachumu ni chini zaidi. Hita inahitajika. Ichomolewe kabla ya kupunguza maji, maana ikiwaka ikiwa nje ya maji hupasuka. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri huendelea kuingiza hewa na tangi hufunikwa blanketi. Mgeni akilikuta hivyo huuliza kwa sauti ya chini linaumwa nini.

Taa iwake saa nane kwa siku na izimwe mapema, hasa Novemba na Desemba. Ni msimu wa senene, na senene hufuata mwanga. Dirisha likiwa wazi, tangi huwa mtego bora kuliko yote mtaani. Watoto huingiza mikono hadi kwenye viwiko kuwaokoa, ikiwa na mafuta ya senene waliokaangwa jioni. Wavu juu ya tangi huokoa pande zote tatu.

Chakula ni kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Hatari ni bibi, ambaye katika nyumba yake hakuna kiumbe aliyewahi kuondoka bila kula. Samaki mpya huongezwa amonia na nitriti zikishakuwa sifuri kwa wiki kadhaa, tena mmoja mmoja.

Chumvi ikishindikana kabisa, tangi huoshwa, hujazwa maji baridi na kupewa furu wa ziwani. Kulikuwa na mamia ya aina zao kabla sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, hajazimaliza nyingi. Baadhi ya zilizosalia hutunzwa hadi leo katika matangi ya Ulaya na Marekani. Furu dume hugombea eneo. Tangi dogo hutosha dume mmoja. Wa pili hushinda pembeni karibu na hita, amekonda, akitafuta mlango.