Nati za RAV4 na Mahari ya Isangi

Ukoo wa mume wangu una imani moja: kilichokazwa na mwanaume hakilegei. Imani hiyo ilitufikisha kwa wakwe usiku wa manane, tukiwa na bolti iliyokatika, spana iliyopinda na mbuzi wa mahari aliyeshiba kitenge cha mama wa bibi harusi.

Balaa lilianzia kwenye kopo la rangi. Baba mkwe alitangaza kwamba hatupeleki mahari Isangi na rimu za RAV4 zenye kutu, watu wakasema mtoto wao anaolewa na njaa. Shemeji, ambaye hajawahi kukataa kazi asiyoijua, akazipaka rangi ya fedha mbele na nyuma, ndani ya matundu ya nati, hadi pale rimu inapokalia habu. Hata kukauka hazijakauka sawasawa, zikafungwa. Tukazisifu.

Kisangani hakuna daraja la kuvuka Mto Kongo. Tukapanda kivuko hadi Lubunga, tukashika barabara ya ukingo wa kushoto kuelekea Yanonge. Kutoka mjini hadi Isangi ni zaidi ya kilomita 100 za udongo mwekundu, mashimo, na vidaraja vya magogo vinavyomkumbusha kila abiria dhambi zake. Yanonge haijaonekana, mama mkwe akasema kutoka kiti cha nyuma, "Hili gari linabisha hodi."

Wanaume wakacheka. Ko, ko, ko. Tuliposimama, nati za gurudumu la mbele zilizunguka kwa vidole.

Kilichotokea hakina uchawi. Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo sana, na kwa sababu inataka kurudi urefu wake, inaibana rimu kwenye habu. Mbano huo ndio unaoshika gurudumu. Rangi iliyokaa katikati ya chuma na chuma husagika njia nzima. Ikishasagika, nafasi inabaki, bolti inapoteza mvuto wake, na nati inaanza safari yake peke yake.

Kwa shemeji, maelezo yalikuwa mafupi zaidi: nati hazikukazwa kiume. Akachomoa bomba la chuma lililokuwa chini ya magunia ya chumvi, akalivisha kwenye mpini wa spana, akapanda juu. Baba mkwe akaona si heshima kijana amzidi, akapanda naye kwa zamu yake, fimbo mkononi. Mume wangu hakutaka kuonekana mtoto wa mama. Akapanda, akaruka kidogo.

Sasa tupige hesabu ambayo siku ile haikupigwa. Kitabu cha RAV4 ya umri wa yetu kinataka niutoni-mita 103 kwa kila nati. Mtu wa kilo 80 akisimama kwenye bomba, mita 1 kutoka kwenye nati, anaikaza kwa karibu 785. Hiyo ni zaidi ya mara saba, na hapo hajaruka. Bolti iliyovutwa kupita kiasi namna hiyo hairudi tena urefu wake. Inabaki imechoka, inasubiri siku ya kukatika.

Siku haikuwa mbali. Tulipopita Yanonge, msumari wa kidaraja ulitoboa tairi, na lilikuwa lile lile la mbele. Kriki ikatolewa, spana ikawekwa, nati zikagoma. Shemeji akavuta, spana ikapinda. Ukoo mzima ukasimama unatazama kazi ya mikono yake mwenyewe. Dereva wa lori aliyepita akatuazima spana ya msalaba na bomba refu kuliko letu. Nne zilifunguka zikilia. Ya tano ikatoka na kipande cha bolti ndani yake.

"Nani aliikaza hii?" dereva akauliza.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakuna mwanaume aliyetaka sifa. Mbuzi ndiye aliyepata faida, maana kitenge kilikuwa karibu naye na macho yote yalikuwa kwenye gurudumu.

Tulijikokota kwa nati nne hadi Isangi, pale Lomami inapoingia Mto Kongo, tukakuta wakwe wamekula chakula chetu. Mjomba wa bibi harusi, mtu wa mitumbwi tangu kuzaliwa, alisikiliza kisa chote kisha akamwambia baba mkwe, "Papa, mungekuja na mto. Mto hauna nati." Mahari ilipokelewa kesho yake, pamoja na faini ya kitenge.

Tuliporudi Kisangani, mpwa wa kike wa mume wangu anayesomea umakanika alikuja na bolti mpya na kle dinamometrike, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Alisugua rangi yote kwa brashi ya waya. Shemeji akaleta oili apake kwenye meno ya bolti. Akazuiwa, kwa sababu oili hufanya nati iteleze, na namba ile ile ikavuta bolti kupita kiasi. Binti akaanza nati zote kwa vidole, akazikaza kwa kurukaruka, si kwa kufuatana, akashusha gari, akamalizia kwa 103. Spana ikalia: ka!

"Imevunjika!" shemeji akaruka, akaishika na kuongeza.

"Mjomba, imekuambia basi."

Mama mkwe akampokonya. Kwa mpini wa nusu mita, nguvu inayotakiwa mwishoni mwake ni kama kilo 21 tu. Akavuta, ka, akahamia nyingine. Alimaliza magurudumu yote bila kupanda juu ya kitu chochote.

Namba yetu si lazima iwe yako. Tafuta ya gari lako kwenye kitabu chake. Safisha chuma kikutane na chuma, kaza kwa kurukaruka, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 zipitie nati tena. Bomba mpeni fundi wa maji. Nati inataka kipimo, na mwenye kipimo hana haja ya misuli.