Wakili Msomi

Kwetu Tanzania daktari ni daktari, mhandisi ni mhandisi, ila wakili ni "wakili msomi". Fundi bomba hajawahi kujiita fundi msomi, pengine kwa kuwa bomba likipasuka hakuna wa kumwomba ahirisho.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa pale haki itakapohitaji Kiingereza. Hapo kwenye "isipokuwa" ndipo wasomi wetu walipotandika mkeka.

Nilimsindikiza baba kwenye shauri la mirathi. Koridoni wakili wake alimwaga Kiswahili kitamu, chenye shikamoo na pole ya mguu. Ada nayo ilitajwa kwa Kiswahili fasaha, hadi shilingi ya mwisho. Tulipoingia ndani, ghafla haki ikahitaji Kiingereza. Wasomi wawili wakainamiana, wakasifiana, wakachomekea na Kilatini kidogo (marehemu babu, mwenye mali, alijua Kizaramo). Baba, kofia mapajani, akaninong'oneza: "Tumeshinda?"

"Bado, baba. Imeahirishwa."

"Sasa mbona wanacheka?"

Nje wakili akavua joho, Kiswahili kikamrudia. Vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni, vazi la baridi ya London, vilikuwa vimelowa jasho la Dar es Salaam. "Mzee wangu, tuko vizuri sana," akasema. "Ila kuna kijigharama cha nakala."

Hilo alilitamka polepole, tusije tukakosa kuelewa.