Midi Mnaishushia Nini?

Mxiu! Vijana wa Mlali, gitaa limewakosea nini? Kila penye shughuli, iwe harusi au kwaya, mpiga solo akishachomeka waya kwenye amplifaya anakimbilia nobu mbili: besi mpaka mwisho, trebo mpaka mwisho. Midi, yaani sauti za katikati, anaishusha mpaka sifuri. Akijaribu peke yake, sauti nene, inang'aa, mwenyewe anatikisa kichwa. Ngoma zikiingia, kinanda kikiingia, waimbaji wakipaza, gitaa halisikiki! Anaongeza volyumu, spika zinapiga mluzi, wazee wanaziba masikio.

Jamani, sauti ya gitaa la solo makao yake ni katikati. Uzi wake mnene kuliko wote, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Wa gitaa la besi, mara 41. Huko chini kuna mwenyewe. Solo lililojazwa besi ni sawa na mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Juu kabisa nako kuna matoazi. Sasa ukishusha midi, gitaa likae wapi?

Fanyeni hivi. Nobu zote tatu ziwekeni nusu. Pandisheni volyumu kwanza mpaka kiwango cha kupigia, maana sauti ikiwa ndogo sikio halisikii besi sawasawa. Halafu pigeni wote pamoja. Gitaa likivuma, punguzeni besi; likichoma masikio, punguzeni trebo; likimezwa, ongezeni midi. Spika nayo msiiache sakafuni ikipigia watu magotini. Trebo hunyooka mbele kama spika inavyotazama, kwa hiyo iinueni juu ya stuli. Mmoja wenu aende nyuma kabisa akasikilize. Na watu wakishajaa rekebisheni tena, kwa sababu ukumbi mtupu wa bati na saruji unarudisha mwangwi, lakini miili na nguo za watu hunywa trebo.

Mkoa wetu huu wa Dodoma ndio uliomtoa Patrick Balisidya wa bendi ya Afro 70, mzaliwa wa Mvumi. Tafuteni rekodi zake mzisikilize kwa makini: magitaa, kinanda na sauti za waimbaji, kila kimoja kina nafasi yake. Muziki ni kupeana nafasi. Jumapili hii, kabla hamjagusa volyumu, rudisheni midi.