Mpangaji Mwenye Piano: Mwongozo wa Kitengela

Pole kwanza, hongera baadaye. Hii si kile kinanda cha kanisani kinachopakatwa kwenye bodaboda. Ni ile piano ya kulala, ya miguu mitatu na kifuniko kama bawa. Hata iliyo ndogo ina kilo 250 hivi, na ndani yake kuna nyuzi zipatazo 230 zinazovuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani 18 au zaidi. Mwenye nyumba akiuliza una vyombo gani, sema kochi na meza. Hutakuwa umedanganya sana. Kuna siku utaipigia nguo pasi.

Panga nyumba ya chini. Aliyejenga ngazi za ghorofa hizi hakumfikiria hata mwenye kitanda cha sita kwa sita. Mlango usikutishe: piano huvuliwa miguu, ikalazwa ubavu juu ya ubao, ikafungwa mablanketi, ikapita. Kazi ni vijana wa mkokoteni, waliopatana bei wakidhani ni friji. Wakiiona, bei itazaliwa upya. Lipa. Aliyeshika upande wa chini habishiwi.

Sasa hali ya hewa, ambayo ndiyo itakayokumaliza. Ploti imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaopasuka Februari hadi ukameza kandambili, kisha ukanywa mvua za Aprili na kufura. Ukuta unapata ufa, mlango wa choo unakataa kufunga. Piano nayo ni mbao: ubao wake wa sauti hufura na kusinyaa vivyo hivyo, na noti zikapanda na kushuka nao. Kiangazi, wengine huiwekea beseni la maji uvunguni. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye hanunui maji ya boza. Utaoga kwa jagi moja, kilo 250 za mbao na chuma zikiwa na beseni zima.

Dirisha lifungwe. Vumbi la malori ya Namanga halibishi hodi.

Fundi aje mara mbili kwa mwaka, kutoka Nairobi, nauli juu yako. Fundi redio wa mtaani atasema hata yeye anaweza, na bisibisi anayo. Mpe chai, ufunge kifuniko.

Kuhusu majirani, kanuni za kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili. Wa juu yako anazijua kwa moyo, isipokuwa Ijumaa za kesha.

Kodi ikikulemea, Sheria ya Cap. 293 inamruhusu mwenye nyumba kuleta dalali mwenye leseni. Tulia. Watabeba televisheni, kochi, labda na mtungi wa gesi. Wataizunguka piano mara mbili. Mmoja atabonyeza kibao cha mwisho kushoto, wote washtuke. Watahesabiana: wako wanne. Kisha watachukua kile kistuli chake, waende zao.