Nani Katia Chumvi Mapema?

Wageni wa wifi yangu wakisema wanakuja saa saba, maana yake saa tisa. Hilo nimeshalizoea. Nisilolizoea ni wifi mwenyewe: saa sita na nusu keshakata nyanya na vitunguu, keshakamua ndimu, na chumvi anaimwaga kwa kiganja. Wageni wakifika, kachumbari hakuna tena. Kuna bakuli la maji mekundumekundu, na vipande vya nyanya vimenywea vinaelea humo.

Ukilalamika unaambiwa nyanya za siku hizi zina maji. Jamani, nyanya ilikuwa lini ugali? Ni maji tangu enzi! Kazi ni kuyazuia yasitoke, na mlinzi wake ni utando wa seli, kitu chembamba mno: kama nanomita 5, yaani tando laki mbili zilaliane ndipo upate milimita moja. Tena ni wa mafuta, lipidi kwa jina la kitaalamu, tabaka mbili. Gorter na Grendel, Waholanzi, walilibaini hilo mwaka 1925: walitoa mafuta ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, yakafunika kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe.

Utando huo huruhusu maji kupita, chumvi huizuia mlangoni. Ukijaza chumvi nje, maji yanaifuata hukohuko, seli inasinyaa, kipande kinalegea. Na haiishii hapo. Kalsiamu ndiyo inayofunga vichwa vya lipidi vishikane. Sodiamu ya chumvi ikizidi huing'oa, na utando unaanza kuvuja. Kwenye kitunguu sina ugomvi. Hicho nakifikicha kwa chumvi makusudi, nakikamua, nakisuuza, na ukali wake unakwenda na maji. Nyanya imekosa nini?

Mume wangu naye ana kesi yake: ndizi kwenye friji. Ati zinakaa! Ndizi ni mtoto wa joto. Chini ya nyuzi 13 hivi, lipidi za utando wake zinakakamaa kama mafuta ya nazi asubuhi ya Lushoto, utando unapitisha vitu ovyo, vimeng'enya vinakutana na kemikali vilivyotengwa nazo, ganda linageuka jeusi. Samaki wa bahari za baridi wana lipidi zisizoganda upesi. Ndizi haikujaliwa hizo. Kisha bwana huyohuyo anazitazama, anakunja uso, anasema zimeoza, nami nazimenya nazila peke yangu maana ndani ni nzima kabisa.

Basi nawaomba, ndugu zangu wa nyumba hii na nyinginezo: chumvi ya kachumbari itiwe mezani, watu wakishanawa mikono. Ndizi ziacheni juu ya kabati. Friji ni ya maziwa na samaki.