Ruta ya Mtumba

Bosi wangu, bei ikitajwa, hukohoa kwanza. Nilipomwambia tunahitaji ruta ya ukingoni, ile inayosimama mlangoni kati ya mtandao wetu mdogo wa Tanga na dunia nzima, alikohoa mpaka mhasibu akamletea maji. Ruta mpya niliyoitaka ilikuwa na bei ya Noah iliyotumika.

Nikapanda basi hadi Kariakoo kutafuta ruta ya mtumba. Muuzaji akaipiga kofi moja ubavuni, kama mtu anayechagua tikiti maji. "Chuma hiki, kaka. Kimetoka Ulaya." Nikalipa. Wakati wa kurudi konda aliutazama mzigo, akaunyanyua mara moja, akautoza nauli ya mtu mzima.

Ofisini tukatafuta pa kuchomeka plagi. Hapakuwapo. Ilikuwa ruta ya volti 48 za betri, kama vifaa vya kwenye minara ya simu. Tukaunganisha betri nne za sola, za volti 12 kila moja. Ikanguruma kama mashine ya kusaga. Paka wa ofisi hakuonekana siku mbili.

Lakini iliwaka! Nikaifungulia BGP, lugha ambayo mitandao hutumia kutangaziana anwani zake, nikaomba njia zote za dunia. Kwa nini zote? Kwa sababu wakubwa huchukua zote. Zilikuwa zimeshapita 900,000. Chipu ya ruta yetu iliweza kubeba kama 512,000 tu, idadi ambayo dunia iliivuka Agosti 12, 2014, na ruta nyingi za zamani zikasalimu amri siku hiyohiyo. Nakumbuka nilizisoma habari zile nikacheka. Sasa nilikuwa nimeinunua siku ile kwa fedha taslimu na kuilipia nauli.

Njia zilizokosa nafasi kwenye chipu zikaangukia prosesa, ambayo ni karani, si mpagazi. Mteja wetu mmoja, mama mwenye saluni, akapiga simu: "Mwanangu, WhatsApp inafunguka, YouTube inazunguka tu. Nimekosa nini?" Hakukosa kitu, mama. Video zake zilikuwa upande wa dunia ambao haukuenea.

Usiku wa manane ndipo nilipojiuliza swali la mtoto wa chekechea: sisi tuna milango mingapi ya kutokea? Miwili. Nikawaomba watoa huduma wote wawili waliotuunganisha watutumie njia moja ya jumla, pamoja na njia za wateja wao wenyewe, basi. Orodha ikawa kiduchu. Hata kiruta cha MikroTik kutoka Latvia, cha bei ya simu nzuri na chenye plagi ya kawaida, kingeibeba bila jasho.

Nilipomweleza bosi, safari hii hakukohoa. Alinyamaza, jambo baya zaidi. Nikampigia yule muuzaji nimrudishie mzigo kwa nusu bei. Akaniuliza swali ambalo mimi sikumuuliza:

"Ni ya plagi au ya betri, kaka?"