Namna ya Kumpatanisha Winga na Mwenye Stoo

Umepewa kazi ya kuunganisha seva ya Apache na Tomcat, ili ile programu ya Java ya ofisini ifunguke kwa wateja. Umeambiwa ni kazi ya nusu saa. Hongera. Piga simu nyumbani useme wasikusubiri kula.

Kwanza, jua nani ni nani. Huhitaji kitabu. Teremka ghorofani, upe mgongo uwanja wa Mnazi Mmoja, ingia Kariakoo. Kijana atakayekudaka hujafika Mtaa wa Kongo, akakuita bosi na kukuuliza unatafuta nini, huyo ndiye Apache. Ni winga. Hana duka, hana mzigo. Ana sauti na mahali pa kusimama, yaani mlango namba 80, na 443 kwa wateja wanaotaka usiri. Mzigo uko kwa Tomcat, stoo ya ghorofa ya nne, mlango namba 8080, ambako mteja hapelekwi. Winga anapokea agizo, anapanda, anateremka na mzigo, na mteja anaondoka akijua amenunua kwa winga. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania na Kenya, ni programu ya Java inayokaa stoo namna hiyo hiyo. Nesi anayeingiza takwimu za chanjo hajawahi kusikia habari za ghorofa ya nne. Na wewe usimwambie mteja wako. Atauliza kwa nini asipande mwenyewe, utakosa jibu.

Pili, fungua faili la usanidi la Apache. Utakuta mistari mingi imetanguliwa na alama ya reli, ile ile unayomalizia nayo *150*00#. Mistari yenye reli imelala, seva haiisomi. Mmoja kati ya hiyo umeandikwa USIGUSE. Aliyeuandika alishahama kazi, na hakuna anayekumbuka alikuwa analinda nini. Heshimu maandishi hayo mpaka saa tisa alasiri. Baada ya hapo utagusa.

Tatu, chagua lugha. Winga na mwenye stoo wanaweza kuongea HTTP kama watu wote, au AJP, lugha yao ya ndani inayopita mlango namba 8009. Wakongwe watakushauri moduli ya mod_jk na faili lake la workers.properties. Wa kati watakushauri mod_proxy_ajp, iliyokuja na Apache 2.2 mwaka 2005. Wavivu, ambao kwa maoni yangu ndio wenye akili, watakwambia tumia HTTP ukalale. Kila kundi litakuhakikishia kwamba mengine mawili yamepitwa na wakati.

Ukiikubali AJP, ujue historia yake. Kwa miaka mingi mwenye stoo alimwamini yeyote aliyebisha hodi kwa AJP, maana nani mwingine angesumbuka kujifunza lugha ile? Februari 2020 ikatangazwa kwamba mtu baki akiweza kuufikia mlango wa 8009, anaomba mafaili ya ndani ya programu na anapewa. Kasoro hiyo ikaitwa Ghostcat. Tangu Tomcat 9.0.31 mlango ule unakuja umefungwa. Ukiufungua unasikiliza mashine yake yenyewe tu, tena unadai neno la siri. Mwongozo uliochapwa na kubandikwa ukutani ofisini kwenu ni wa 2014. Utaufuata huo.

Nne, mkwaju, yaani alama ya /. Ukiandika njia ya nje yenye mkwaju mwishoni, na ya ndani iwe nao. Usipouweka nje, na ndani usiuweke. Ukiuweka nje ukausahau ndani, mteja akiomba /duka/picha, winga atapanda hadi juu kuulizia «dukapicha». Atajibiwa hakipo. Atateremka kukueleza hivyo kwa uso mkavu, na utamwamini, kwa sababu picha uliiweka wewe mwenyewe na una hakika haikuwekwa vizuri.

Tano, askari wa getini. Wakoloni waliuacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja ili mji wa Wazungu na Wahindi utengane na Kariakoo ya Waafrika. Watu wakawa wanauvuka kila asubuhi kwenda kazini. Katika mashine za ukoo wa Red Hat, askari wa uwanja wa namna hiyo anaitwa SELinux: humzuia Apache kwenda kuongea na seva nyingine mpaka apewe kibali. Kibali ni amri ya mstari mmoja. Wengi humfukuza askari mzima, «kwa muda tu». Nilipofika mimi, muda huo ulikuwa umefikisha miaka mitatu.

Sasa washa, ujifunze namba. Ukiona 404, kitu hakipo. 502, winga kaleta mzigo usioeleweka. 504, kapanda hajarudi. 503, stoo imefungwa, na hapa ndipo utakapolala.

Sikiliza vizuri. Apache akigonga stoo asifunguliwe, anasusa. Kwa kawaida husema hapandi tena kwa sekunde 60, na kila anayekuja anajibiwa 503 palepale barabarani, hata kama stoo imeshafunguliwa. Wewe hujui. Sekunde ya 20 unarekebisha kosa, na kweli umelipata. Sekunde ya 30 unajaribu: 503. Unaguna. Sekunde ya 50 unarudisha kosa mahali pake. Sekunde ya 61 winga anapanda kwa moyo mweupe, anakuta pamefungwa, anasusa upya. Mimi nilifanya hivyo tangu alasiri mpaka adhana ya isha, nikiwa nimeshalirekebisha kosa hilo mara tisa.

Umeme ukikatika ni hadithi ile ile. Jenereta likiwaka, Apache anaamka mara moja na kuanza kuita wateja. Tomcat bado anajinyoosha. Vitabu vinashauri uwe na seva mbili nyuma, moja ikilala nyingine ihudumie. Sisi tuko Mnazi Mmoja.

Mwishowe itafanya kazi, wakati umeenda kununua maji. Usitafute sababu, na usiwashe upya ili kuhakikisha. Bosi atauliza tatizo lilikuwa nini. Usithubutu kutaja mkwaju. Sema, «Mtandao ulikuwa unasumbua,» naye atatikisa kichwa kama unavyotikisa wewe ukiambiwa hivyo dirishani benki. Kisha rudi kwenye faili, na chini ya mstari wa mwenzako weka reli, uandike USIGUSE. Tarehe usiweke.